Mboga za Idi: Zipi Zingoje, Zipi Zisingoje



Mwalimu wetu alipotuambia kwamba kila kidato kilete makala ya kueleza jambo lenye manufaa, wenzangu wa Kidato cha Tatu walichagua mambo makubwa. Mmoja alichagua ndege, wa pili umeme wa maji, na wa tatu nyota. Mimi nimechagua mboga. Najua wako watakaocheka, hasa kwa kuwa mimi ni mvulana. Na wacheke, lakini nawaomba wasome mpaka mwisho, kwani hakuna mmoja wetu asiyekula, na hakuna nyumba isiyokuwa na sikukuu.

Nyumbani kwetu ni Tanga. Kila Idi el Fitr ukoo wetu hukusanyika kwa Mama, kwa sababu Bibi anakaa nasi, na kila mtu hutaka kuja kumwamkia. Watu hupata thelathini, na mwaka mwingine huzidi. Hao wote hula pilau, mchuzi, kisamvu cha nazi, mchicha, na kachumbari. Nyama haimsumbui sana Mama, maana baba zangu wadogo huichinja na kuikata wenyewe. Kazi inayommaliza ni mboga: kuchambua, kumenya, kuosha na kukata, tena kwa wingi.

Karamu ya Idi ina shida moja ambayo Krismasi haina. Siku ya Krismasi yajulikana tangu mwaka haujaanza. Idi yangoja mwezi. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 hapana ajuaye kama kesho ni sikukuu au ni kufunga tena, mpaka mwezi uandame na tangazo litolewe. Kwa hiyo mpishi wa Idi hana budi kutayarisha vitu vyake viwe tayari kwa kesho, na papo hapo viweze kungoja hata kesho kutwa. Sisi tulilijua jambo hili, lakini hatukulifikiri, na nitawaeleza lilivyotupata.

Zamani dada yangu ndiye aliyekuwa akimsaidia Mama. Mwaka nilipokuwa Darasa la Saba dada alikuwa ameolewa na kuhamia kwa mumewe, basi nikabaki mimi. Siku ya 29 ya mfungo, baada ya Alasiri, tulikaa uani tukakata kila kitu, ili asubuhi tusiwe na kazi. Tulikata nyanya na matango, tukavichanganya na vitunguu katika beseni, tukatia chumvi na ndimu ili iingie vizuri. Tulimenya viazi tukaviacha katika ungo. Tulikata mchicha mwembamba kisha tukauosha. Kisamvu tulikipika na tui lake kabisa katika sufuria kubwa, tukakiacha jikoni kimefunikwa.

Magharibi tukatoka kutazama mwezi. Mbingu ilikuwa mawingu matupu. Usiku redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana popote, na kesho ni mfungo wa thelathini.

Siku ya pili, Mama alipofunua vyombo, kachumbari ilikuwa imekuwa supu. Viazi vimekuwa vyeusi. Mchicha unateleza. Kisamvu kilikuwa na povu na harufu ya uchachu. Mama hakusema neno. Fedha zile alizikusanya kidogo kidogo mwezi mzima kwa kuuza vitumbua wakati wa kufuturu. Tulimwaga vitu vyote, akachukua kikapu akarudi sokoni na fedha kidogo zilizobaki, siku ambayo bei zilikuwa zimepanda kwa ajili ya sikukuu.

Asubuhi ya Idi nilivaa kanzu yangu mpya nikaenda kuswali. Niliporudi nilimkuta Mama ameinama juu ya kibao, na kanga yake ni ile ile ya jana. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mama yako hakwenda kuswali?" Nikasema, "Hakwenda, Bibi." Akasema, "Basi yeye Idi yake lini?" Swali hilo sikuweza kulijibu, nami sijalisahau mpaka leo.

KWA NINI MBOGA HUHARIBIKA

Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilimweleza mwalimu wetu wa Baiolojia habari hii. Hakucheka. Alinieleza kwamba mboga, hata ikiisha kung'olewa, ni kitu kilicho hai bado. Inapumua, na inapoteza maji. Tukiikata, twapasua maelfu ya seli zake, na hapo maadui watatu hupata njia.

Adui wa kwanza ni hewa. Katika viazi, bilinganya na ndizi mbichi kuna vimeng'enya ambavyo, seli zikipasuka na hewa ikaingia, huyageuza mambo yaliyomo yakawa ya kahawia au meusi. Ndiyo sababu kiazi kilichomenywa huwa cheusi, na kilichozama majini hubaki cheupe: maji humzuia adui kuingia. Ndimu nayo husaidia, maana vimeng'enya hivyo havipendi ukali.

Adui wa pili ni maji yenyewe, yaani kutoka kwake. Jani likikatwa hukauka na kunyauka. Na ukitia chumvi, basi, umeyaita maji yatoke mbio. Chumvi ikiwa nyingi nje ya seli kuliko ndani, maji hutoka ndani kwenda nje. Wanasayansi huita jambo hilo osimosisi. Wasomaji wanaweza kujionea wenyewe. Kata nyanya moja uigawe katika sahani mbili. Moja itie chumvi, ya pili iache hivi hivi. Baada ya nusu saa inamisha sahani zote mbili, utazame ipi inamwaga maji. Kachumbari yetu haikuharibiwa na jini. Iliharibiwa na kijiko cha chumvi kilichotiwa kabla ya wakati wake.

Adui wa tatu ni vijidudu, naye ndiye wa kuogopwa, maana wale wawili huharibu chakula tu, lakini huyu huharibu na mlaji. Vijidudu vya chakula huzaana upesi katika joto lililo kati ya digrii 5 na digrii 60 za Selsiasi, na jiko la Tanga usiku na mchana li katika joto hilo. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiwe moto kweli kweli au kiwe baridi kweli kweli. Kisamvu chetu kilikaa nje usiku kucha, tena kikiwa na tui, ambalo huchacha upesi.

Tangu hapo mimi na Mama tumezigawa mboga za Idi katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: ZINAZOWEZA KUNGOJA SIKU MBILI AU ZAIDI

Hizi twazianza siku ya 27 na 28, bila kujali habari za mwezi.

Ya kwanza ni achari. Embe mbichi au ndimu zilizotiwa chumvi na pilipili hazina haja ya kuharakishwa. Kungoja huzifanya ziwe tamu zaidi. Hapa chumvi iliyoharibu kachumbari inakuwa rafiki, kwa sababu inayavuta maji ambayo vijidudu huyataka.

Pili ni vitunguu vya kukaanga. Vitunguu vya pilau twavikata vyembamba, twavikaanga katika mafuta mpaka viwe vya rangi ya dhahabu iliyokolea, twavichuja, na vikiisha kupoa kabisa twavitia katika kopo lenye kifuniko. Maji yake yameondoka, kwa hiyo hukaa. Jambo la kuangalia ni kutovifunika vingali na moto, maana mvuke hugeuka maji na vitunguu hulainika.

Tatu ni kitunguu saumu na tangawizi. Twavitwanga pamoja na chumvi na siki kidogo, kisha twaviweka katika jokofu. Mtu asikiache kitunguu saumu katika mafuta nje ya jokofu kwa siku kadhaa, kwani ndani ya mafuta, pasipo hewa, waweza kukua mdudu wa sumu kali sana ambayo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji.

Nne ni njegere na maharage mabichi. Hizi twazichambua, twazitia katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha mara moja katika maji baridi. Moto ule mfupi huviua vimeng'enya, na baridi ile huzuia zisiive zaidi. Zikichujwa vizuri hukaa katika jokofu na rangi yake ya kijani. Wako watiao magadi ili rangi ing'ae; ni kweli rangi hung'aa, lakini magadi huharibu vitamini C, basi mtu amenunua uzuri akauza chakula.

Tano ni kisamvu, nacho ndicho mboga inayopenda kutangulizwa kuliko zote. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Yakitwangwa sumu hiyo huachiliwa, na yakichemshwa vizuri bila kufunikwa hutoka na mvuke. Kazi hiyo ni ndefu, haifai kufanywa asubuhi ya sikukuu. Twakitwanga na kukichemsha siku ya 28, bila tui na bila chumvi. Kisha hatukiachi katika sufuria kubwa, maana sufuria kubwa yaweza kuwa baridi juu na vuguvugu katikati kwa saa nyingi. Twakigawa katika vyombo vipana vyenye kina kifupi, kipoe upesi, kisha chaingia katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Siku ya Idi kinatiwa tui jipya na kuchemshwa mpaka kitokote.

FUNGU LA PILI: ZINAZOWEZA KUNGOJA USIKU MMOJA

Hizi hatuzigusi kwa kisu mpaka tangazo la mwezi lisikike. Hilo ndilo kosa letu la zamani tulilolisahihisha. Wengine husikiliza tangazo ili washangilie. Mimi nalisikiliza nikiwa na kisu mkononi.

Karoti twazimenya na kuzikata, twazifunika kwa kitambaa safi chenye unyevu, au twazizamisha katika maji baridi. Zikiachwa kavu huota ngozi nyeupe. Kabichi ni kinyume chake. Twaiosha ingali nzima, baada ya kuondoa majani ya nje, twaiacha ichuruzike maji, kisha twaikata na kuiweka kavu katika chombo chenye kifuniko. Kabichi iliyokatwa na kulowa haichukui muda kuoza. Karoti na kabichi za sokoni kwetu nyingi huteremka kutoka milima ya Usambara, upande wa Lushoto, ambako kuna baridi. Basi tusishangae zikikasirishwa na joto letu la pwani.

Viazi twavimenya na kuvizamisha kabisa majini, vikubwa vikubwa, si vipande vidogo, na bakuli laingia katika jokofu. Asubuhi maji yale humwagwa. Usiku mmoja watosha. Vikizidi hapo hupoteza ladha.

Pilipili hoho hukatwa na kutolewa mbegu, na kuwekwa kavu.

Mchicha hatuukati. Usiku twaondoa mizizi na majani mabovu tu, twaufunga katika kitambaa chenye unyevu kidogo, twauweka mahali pa baridi. Asubuhi twauosha kwanza, kisha ndipo twaukata. Wengi hukata kwanza na kuosha baadaye, kama tulivyofanya sisi mwaka ule. Vitamini C huyeyuka majini. Jani lililokatwa likioshwa, maji yale ya kijani yamwagwayo ni chakula cha watoto kinachokwenda mferejini.

FUNGU LA TATU: ZISIZONGOJA KABISA

Nyanya na matango hukatwa karibu na wakati wa kula. Lakini hata hapa kuna kutangulia. Siku ya 27 twanunua nyanya ambazo hazijaiva sana, twazipanga juu ya meza pasipo kugusana sana, zije ziive siku ya Idi yenyewe. Hatuzitii katika jokofu, maana baridi huziua ladha. Vitunguu vya kachumbari hukatwa asubuhi, huvurugwa kwa chumvi ili ukali utoke, huoshwa na kukamuliwa. Hapo mpishi huweka nyanya, tango na vitunguu katika vyombo vitatu mbalimbali. Mchele ukiisha kupakuliwa ndipo vyombo hivyo hukutana, na chumvi na ndimu hutiwa wa mwisho.

Bamia huoshwa nzima, hufutwa kwa kitambaa mpaka zikauke, ndipo zikatwe. Bamia ikigusana na maji baada ya kukatwa huongeza mlenda wake. Bilinganya nayo haingoji, itakuwa nyeusi. Na nazi hukunwa asubuhi ile ile. Mtu akiniambia tui la jana ni zuri, nitamwambia nililionja mimi mwaka ule.

USAFI, NA NYUMBA ISIYO NA JOKOFU

Kitakacholiwa kibichi, kama kachumbari, kioshwe kwa maji safi ya kunywa, kikatwe kwa kisu na kibao ambavyo havikukatia nyama mbichi. Sisi tuna vibao viwili, na kile cha nyama tumekichonga alama pembeni ili asikosee hata mgeni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza na kila baada ya kushika nyama.

Umeme ukikatika, mlango wa jokofu usifunguliwe funguliwe. Ukikaa umefungwa, baridi hudumu kwa muda wa saa nne hivi.

Lakini si kila nyumba ina jokofu, na makala hii si ya wenye jokofu peke yao. Asiyekuwa nalo afuate njia hii: achari na vitunguu vya kukaanga avitangulize kama sisi. Kisamvu akitwange na kukichemsha usiku wa kuamkia sikukuu karibu na alfajiri, asikilaze. Karoti na kabichi aziache nzima, zimeoshwa na kukaushwa. Kuosha na kumenya ni nusu ya kazi, na mboga nzima ina ngozi yake ya kujilinda. Wako watumiao chungu kikubwa chenye chungu kidogo ndani yake, na mchanga wenye maji katikati. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Chombo hiki hufaa sana mahali pakavu kama Dodoma. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole, kwa hiyo baridi yake ni ndogo. Chafaa kwa majani mabichi, hakifai kwa chakula kilichopikwa.

Kwa watu thelathini sisi hutumia kilo tano za mchele, kilo nne za vitunguu pamoja na vile vya kachumbari, kilo tatu za nyanya za kachumbari, kilo mbili za karoti, kilo tano za viazi, na kabichi tatu. Nayaandika haya ili mtu asiende sokoni na kubahatisha. Kununua zaidi ya haja nako ni njia ya kumwaga.

IDI ILIYOFUATA

Mwaka wa kwanza tulipofuata mpango huu, tangazo lilichelewa. Tulikaa na Mama tukisikiliza redio, na beseni za karoti na viazi ziko mbele yetu, nzima. Kama mwezi usingeandama, tungezirudisha kapuni, tungelala, wala hapana senti moja ambayo ingepotea. Mwezi ukaandama. Watoto wakapiga kelele barabarani, na sisi tukaanza kukata. Baba mdogo alipita akaniona na kisu, akasema, "Kumbe wewe ndiye binti wa nyumba hii?" Nikamjibu, "Shikamoo, Baba mdogo. Kesho usisahau kuja kula." Akacheka, akakaa, naye akamenya viazi vyake vitatu.

Kabla ya saa sita za usiku tulikuwa tumelala. Asubuhi palibaki kukuna nazi, kukata mchicha na kukata kachumbari. Dada yangu alikuwa amekuja na mumewe, akaniambia, "Nendeni, nitaangalia moto." Mama akatoka chumbani amevaa nguo yake ya Idi, ambayo ilikuwa imekaa sandukuni bila kuvaliwa asubuhi ya sikukuu kwa miaka mingi. Tukaenda kuswali sote, na Bibi katikati yetu, ameshika mkono wake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, lakini nadhani hawakuwa wakinena juu ya nyanya zilizokatwa. Akiba isiyooza ni ile ya kazi iliyofanywa kwa wakati wake: kisamvu mapema, karoti usiku, nyanya mwisho. Nawaomba wanafunzi wenzangu, hasa wavulana, likizo ijayo mnapofika nyumbani, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, ulizeni kisu kiko wapi. Na wazazi watakaosoma ukurasa huu, mkimwona kijana wenu ameshika ungo wa mchicha, msimcheke. Mwacheni achambue.